Mtoto alishikwa na degedege kwenye foleni nikaingia njia ya mwendokasi, sasa nadaiwa elfu sitini: nilipe au nipinge?

*"Wakili habari za kazi. Naishi Kimara. Wiki mbili zilizopita asubuhi mtoto wangu wa miaka miwili alishikwa na degedege tukiwa kwenye gari, Morogoro Road imesimama kabisa, mama yake amempakata nyuma analia. Tulipofika taa za Shekilango nikawasha hazadi nikaingia njia ya mwendokasi, nikapiga honi mwanzo mwisho. Pale taa za Magomeni trafiki akanipungia mkono nisimame, mimi nikapita, nikaenda hadi Muhimbili. Mtoto amepona, namshukuru Mungu. Juzi naangalia deni la gari nakuta makosa mawili, kuingia njia ya mabasi na kukaidi amri ya askari, jumla 60,000. Jamaa mmoja anasema ukiwa na mgonjwa na umewasha hazadi unaruhusiwa kupita popote. Mwingine anasema lipa kwanza halafu ulalamike urudishiwe. Mwingine anasema nikipinga gari litakamatwa. Na yupo anayesema ana mtu wake ndani, nimpe elfu ishirini atafuta yote. Nifanye nini?"*

Pole sana kaka yangu, wewe na mama mtoto. Mzazi ambaye hajawahi kuona degedege anaweza kukulaumu kirahisi, lakini aliyeshika mtoto amekakamaa macho yamegeuka juu anajua kwamba pale akili inabaki na neno moja tu, hospitali. Kwa hiyo sitakujibu kama mtu aliyefanya uhuni barabarani. Ila nitakueleza ukweli wote, na mwingine hautakufurahisha, maana ukienda kujitetea na maneno ya vijiweni utakwama hata mahali ambapo ulikuwa na haki.

Nianze na hili la hazadi kwa sababu watu wengi sana wanaliamini. Zile taa kazi yake ni kuwaambia wenzako barabarani kwamba gari lako lina tatizo au limesimama mahali pa hatari, basi. Hazikugeuzi kuwa ambulansi. Vivyo hivyo kitambaa cheupe dirishani, majani kwenye kioo, taa fulu na honi, hizo ni mila zetu za barabarani, zinasaidia kwa maana kwamba watu wenye utu wanakupisha, na mimi mwenyewe nikiona gari la hivyo napisha, lakini kisheria hazikupi ruhusa yoyote. Njia ile ni ya mabasi ya mwendokasi, na wanaoeleweka wakiingia ni magari ya dharura yakiwa kazini, ambulansi na zimamoto. Gari binafsi lenye mgonjwa ndani linabaki kuwa gari binafsi.

Na sio ukatili. Wewe unaijua ile njia tangu mabasi yameanza Mei 2016, hebu ifikirie tena kama dereva. Imezungushiwa kingo, ukishaingia Shekilango huna pa kuchomokea mpaka makutano mengine. Mabasi yanakuja pande zote mbili, mengine yana urefu wa mita 18, dereva wake hana pa kukukwepea hata akikuona mapema. Halafu wale wanaovuka kwenda vituoni, Manzese, Argentina, Kagera, Mwembechai, wamezoea kuangalia basi moja kubwa linalokuja kwa mpangilio, hawategemei gari dogo linalokimbia na honi. Kwa hiyo askari akiona gari binafsi mle ndani anachokiona yeye ni watu wanaoweza kufa, hajui kama nyuma kuna mtoto anayetaka kukata roho. Nakueleza hivi kwa sababu hakimu au mkuu wa trafiki atakayesoma barua yako anafikiria hayo hayo, na utetezi wako lazima uyajibu.

Sasa je, dharura haina maana kabisa? Ina maana, ila haifanyi kazi vile watu wanavyodhani. Watu wanadhani dharura inafuta kosa palepale, kama vile ilikuwa halali tangu mwanzo. Kwenye Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, usitegemee kumkuta dereva wa kawaida amepewa ruhusa ya jumla kwamba akiwa na mgonjwa avunje alama anayotaka. Dharura inaingia kwa milango mitatu tofauti. Mlango wa kwanza ni askari mwenyewe pale barabarani, ana uhuru wa kukuonya akakuachia badala ya kukuandikia. Wa pili ni wakubwa wake, ambao wakiletewa maelezo yenye ushahidi wanaweza kuona hakuna haja ya kuendelea na jambo hilo. Wa tatu ni mahakama, ambako unaweza kujitetea kwamba ulilazimika, na hata ukikutwa na hatia hakimu anapima mazingira kabla ya kutoa adhabu. Mlango wa kwanza wewe ulipita nao mbio pale Magomeni bila kusimama, imebaki miwili.

Utetezi wa ulazima tumeurithi kutoka sheria ya Kiingereza kama mambo mengi ya mahakama zetu, na ukiutoa mapambo yake yote unabaki na maswali matatu. Hatari ilikuwa ya kweli na ya wakati uleule? Hapakuwa na njia nyingine ya maana? Na ulichofanya hakikuleta hatari kubwa kuliko ile uliyokuwa unaikimbia?

Swali la kwanza uko vizuri. Degedege kwa mtoto wa miaka miwili ni hatari, na ikipita dakika tano bila kuacha hakuna daktari atakayekuambia ungesubiri foleni. Unachotakiwa ni kuthibitisha tu.

Swali la pili ndipo utakapobanwa, na nataka ubanwe na mimi kwanza kabla hujabanwa na wao. Uliingia kwenye njia Shekilango. Pale pale Shekilango ukikata kushoto kuna hospitali ya Sinza, Palestina. Ukaipita. Ukafika Magomeni, kuna kituo cha afya Magomeni. Ukakipita pia, na ukampita askari, ukaenda Muhimbili. Mtu yeyote anayeijua Dar atakuuliza, kama kweli mtoto alikuwa anakufa mbona ulizipita hospitali mbili? Huenda una jibu zuri. Huenda barabara ya Shekilango nayo ilikuwa imeziba, huenda mtoto ana faili Muhimbili na uliambiwa akizidiwa apelekwe huko, huenda hukuwaza kabisa kwa sababu ulichanganyikiwa, na hilo nalo ni jibu la kibinadamu ambalo hakimu anaweza kulielewa. Lakini liwe jibu la kweli. Usije ukatunga faili ambalo halipo, maana faili la hospitali linaangaliwa, na ukikutwa umedanganya kwenye kitu kimoja hata degedege yenyewe wataitilia shaka.

Swali la tatu, ulikimbia kiasi gani, ulipunguza kwenye vituo, kuna basi lililazimika kufunga breki kwa ajili yako? Hakuna aliyeumia, shukuru Mungu, na hilo liseme wazi kwenye maelezo yako.

Sasa tuje kwenye hela, hapa ndipo ushauri wa jamaa yako wa pili ungekuumiza. Ile notifikesheni, yaani taarifa ya kosa na faini yake, watu wanaiona kama bili ya maji, inakuja unalipa, ukiona imezidi unalalamika. Haiko hivyo. Makosa ya barabarani kwetu ni jinai. Notifikesheni maana yake serikali inakuambia tunakutuhumu kwa kosa hili, ukikubali lipa yaishe hapa, usipokubali tukutane mahakamani. Ukichukua kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, ukalipa umekubali kosa, jambo limefungwa, na hela imeshaingia serikalini. Kuirudisha baada ya hapo ni safari ambayo sijaona mtu akiimaliza kwa furaha. Kwa hiyo kama unataka kupinga, unapinga kabla ya kulipa, sio baada.

Na una haki ya kupinga, hilo lisikutie woga. Katiba yetu ibara ya 13(6) inasema mtu asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike, na inakupa haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa. Kukataa kulipa notifikesheni sio kosa jipya na hakukupeleki rumande. Lakini jamaa yako wa tatu naye hajakosea kabisa. Deni likikaa kwenye mfumo bila kushughulikiwa linaongezeka, na siku askari akikusimamisha akapiga namba ya gari akaona deni anaweza kulizuia mpaka ulipe. Yaani kunyamaza ndio kubaya zaidi. Watu wengi wanadhani wanapinga kumbe wamekaa tu nyumbani na hasira zao. Kupinga ni kwenda mahali, na karatasi.

Huyo wa elfu ishirini achana naye kabisa. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 anayetoa na anayepokea wote wana kosa, kwa hiyo utakuwa umetoka kwenye deni la faini ukaingia kwenye jambo la kifungo, tena wewe ambaye ulikuwa na sababu ya kueleweka! Na ukishatoa huna risiti, deni likirudi kesho utamlalamikia nani? Kama mtu wa ndani kweli ndiye anayeomba hiyo hela, TAKUKURU wanapatikana bure kwa 113.

Basi mimi ningefanya hivi. Kesho, usisubiri wiki, nenda Muhimbili kitengo cha dharura ulipopokelewa, omba nakala ya kadi au muhtasari wa matibabu wenye tarehe na MUDA wa kupokelewa. Muda ndio roho ya jambo hili. Deni lako kwenye mfumo lina tarehe na mahali, askari ameona gari Magomeni saa fulani, na hospitali imempokea mtoto saa fulani, karatasi mbili za ofisi mbili ambazo hazijuani zikisema kitu kimoja hakuna mtu atakayekuita muongo. Risiti ya dawa peke yake haitoshi sana kwa sababu inaonyesha ulinunua saa ngapi, haionyeshi ulifika saa ngapi. Kama ulimpigia mtu simu ukiwa njiani, kumbukumbu ya simu itunze. Mama mtoto ni shahidi wako, aandike alichokiona kwa maneno yake mwenyewe, usimwandikie wewe.

Halafu andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa usalama barabarani, RTO, wa mkoa wa kipolisi unaohusika na pale Magomeni. Ukurasa mmoja tu. Eleza nini kilitokea, saa ngapi, kwa nini hukuona njia nyingine, kwamba hakuna aliyeumia, ambatisha nakala na uombe makosa yafutwe. Usiandike kwamba sheria inakuruhusu, haikuruhusu. Usimtukane askari. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na uiweke kwenye gari, kwa sababu ukisimamishwa katikati ya mchakato ile nakala yenye muhuri ndiyo itakayoonyesha kwamba deni halijakimbiwa, liko mezani. Haimlazimishi askari kukuachia ila nimeona mara nyingi inasaidia.

Kwenye barua hiyo tenganisha makosa mawili, usiyachanganye. La kuingia njia ya mabasi una maelezo mazuri, simama nalo. La kukaidi amri ya askari ni gumu zaidi na nakuambia bila kukuficha. Sekunde kumi za kusimama, dirisha chini, askari akaona mtoto, pengine angekufungulia njia hadi kituo cha Faya. Kwa sababu ulizikosa hizo sekunde kumi ndio leo una deni la pili. Kama hukumwona, sema hukumwona. Kama ulimwona ukaogopa kusimama, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba alikupungia mkono, basi sema hivyo, omba radhi, eleza kwamba ulihofia mtoto. Nilikuwa na mteja mmoja, mama, jambo lake lilifanana na lako, yeye kwa hasira aling'ang'ania kwamba hakukuwa na askari kabisa, wakati picha ya gari lake ilikuwepo. Alipoteza hata lile kosa ambalo angeweza kusamehewa. Angesema tu aliogopa.

Wakifuta yote, subiri uone mfumo umesafishwa, usiondoke na maneno ya mdomo. Wakifuta moja wakabakiza moja, ushauri wangu lipa hiyo 30,000 uendelee na maisha, hata kama moyo unauma. Wakikataa yote, hapo ndipo unaamua kuhusu mahakama, na uamuzi huo ni wako kwa sababu gharama zake unazibeba wewe.

Upande mzuri wa mahakamani, upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha bila kuacha shaka, askari aje aeleze, na wewe ulete daktari au karatasi zake. Na hata ukitiwa hatiani, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa hakimu nafasi ya kukuachia bila adhabu, kwa masharti au bila masharti, akiona mazingira ya kosa na tabia yako hayastahili kuadhibiwa. Kwa jambo kama lako hiyo ni nafasi ya kweli kabisa, sio ya kwenye vitabu tu.

Upande mbaya, kesi inaahirishwa, unaweza kupoteza siku nne tano za kazi kwa ajili ya elfu sitini. Hakimu hafungwi na zile 30,000 za notifikesheni, anaweza kutoza zaidi. Na hukumu ya mahakama ni kumbukumbu nzito kuliko notifikesheni iliyolipwa, kitu ambacho dereva wa basi au wa kampuni lazima akifikirie mara mbili. Mimi binafsi ningeenda mahakamani kama ningekuwa na karatasi za hospitali zilizonyooka, jibu la Palestina lililonyooka, na muda. Kimoja kikikosekana nisingeenda, na sitakuona mwoga ukilipa.

Wenye boda na bajaji wanaosoma hapa, kwenu faini ilishushwa kwenye bajeti ya 2021/22 hadi 10,000 kwa kosa, lakini mengine yote niliyoeleza ni yale yale, na nyinyi mkigongwa na basi mle ndani hamna bodi ya kuwakinga.

Kuna hali ambazo usisome majibu ya mtandaoni, tafuta wakili uso kwa uso siku hiyo hiyo: kama kuna mtu aligongwa au kuumia, hata kidogo, kama umeandikiwa hati ya kwenda mahakamani na tarehe imeshatajwa, kama leseni imeshikiliwa, kama gari ni la mwajiri na anataka kukukata mshahara, au kama umeitwa kituoni kuandika maelezo. Maelezo ya polisi usiyasaini kabla hujayasoma neno kwa neno. Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada wa bure, uliza mahakamani au halmashauri ya wilaya wakuelekeze kwa watoa huduma waliosajiliwa.

Na siku nyingine ikitokea, Mungu aepushe, barabara ya Morogoro makutano makubwa asubuhi mara nyingi yana trafiki anaongoza kwa mkono. Huyo ndiye wa kumfuata kabla hujagusa njia ya mabasi. Mshushie kioo, mwonyeshe mgonjwa, akikuruhusu au akisimamisha magari kwa ajili yako hapo umepita kwa amri yake, na kama amekosea kukuruhusu hilo halikuhusu wewe. Akikataa, nenda hospitali iliyo karibu, sio iliyo kubwa. Mjamzito au kichanga aliyezidiwa piga 115, ile huduma ya m-mama, ni bure. Mtoto akiwa kwenye degedege mlazeni ubavu, msimwekee kijiko wala kidole mdomoni, na mtu aangalie saa, kwa ajili ya mtoto kwanza, na kwa ajili ya karatasi baadaye.

Jambo la mwisho, hujaniambia kama mmemrudisha mtoto kliniki tangu siku ile. Kama bado, hiyo safari ya kesho Muhimbili ifanyeni pamoja naye. Daktari atamwangalia kama ilikuwa ni homa tu au kuna kingine, atawaambia mfanye nini ikirudi, na ukiwa pale pale mwombe aandike kwa mkono wake mtoto alipokelewa katika hali gani siku ile. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kuambatisha kwenye barua yako.